Gari la Mzee wa Chokaa

Msafiri atokaye Kasese kuelekea Bwera, akisha kuuacha mji nyuma yake, hufika Muhokya kabla hajatulia vema kitini. Mkono wake wa kulia milima ya Rwenzori humsindikiza. Mkono wa kushoto, mbali kidogo, huangaza maji ya Ziwa George, ambako wavuvi wa Kahendero hushusha samaki wao. Mbele iko njia panda ya Kikorongo, na mstari wa Ikweta nao hauko mbali. Muhokya hujulikana kwa chokaa. Mawe huchomwa katika matanuri kwa kuni, kisha hunyweshwa maji yakapasuka na kuwa unga, na unga huo huenda kupaka kuta za nchi nzima. Majani ya miti iliyo kando ya matanuri ni meupe wakati wa kiangazi, na mgeni hudhani kumenyesha kitu kisichokuwa mvua.

Chini ya mti mmojawapo tuliikuta pikapu aina ya Land Rover, imeoshwa hata inaakisi jua, na kwenye kioo chake cha mbele umeegemezwa ubao ulioandikwa kwa mkono: INAUZWA. MWENYEWE YUPO.

Mwenyewe alikuwapo kweli. Ni sajini mstaafu, mtu wa makamo, mwembamba, ambaye miaka mingi ya utumishi wake aliipitisha chini ya matumbo ya magari ya jeshi. Hatukufika kwake kwa bahati. Koplo mmoja wa polisi afanyaye kazi upande wa Bwera alituomba tufuatane naye, kwani alikuwa amekusudia kuomba mkopo katika chama cha akiba cha polisi, Exodus, ili alinunue gari lile, na mkewe alikuwa amemwambia wazi kwamba asiende peke yake. Wanajeshi nao wana Wazalendo yao. Tunataja vyama hivi kwa sababu fedha iliyokuwa ikitafuta mahali pa kutua siku ile haikuwa fedha ya tajiri. Upande mmoja ilikuwa ni mshahara wa askari utakaokatwa kidogo kidogo kwa miaka minne. Upande wa pili ilikuwa ni kiinua mgongo cha askari mwenzake, ambacho sehemu kubwa yake ilikwisha kugeuka chuma na rangi.

Kabla ya kuyaeleza yaliyotokea, hapana budi kulieleza gari lenyewe, maana vijana wengi waliojiunga na vikosi siku hizi wamezoea pikapu za Kijapani. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya Amsterdam mwaka 1948. Aliyeibuni, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na jipu la Kimarekani shambani kwake akatamani kulipatia mrithi. Vita vilikuwa vimekwisha majuzi na chuma cha bati kilitolewa kwa mgao, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa alumini. Chesisi peke yake, pamoja na ukuta unaotenga injini na dereva, vikabaki vya chuma. Uamuzi huo uliotokana na dhiki ndio uliolipa gari hili sifa ya kutozeeka, na ndio pia uliowatapeli wanunuzi wengi. Bodi haipati kutu, macho yakaridhika, na chini yake mifupa inaoza kimya kimya.

Hii ya Muhokya ni ya toleo la tatu, lililoanza kutoka mwaka 1971 na kukoma mwaka 1985, ile ndefu ambayo baina ya mihimili ya magurudumu yake ni inchi 109, yaani karibu mita 2.8. Magari ya namna hii yalijaa katika eneo letu. Wahandisi wa mgodi wa shaba wa Kilembe waliyatumia, misheni ziliyatumia, walinzi wa hifadhi ya Queen Elizabeth waliyatumia, na polisi pia. Askari wakongwe watakumbuka vifundo vyake viwili vya giya: kile cha manjano, ukikikandamiza magurudumu ya mbele huanza kuvuta, na ile fimbo nyekundu ya mwendo wa chini, ambayo dereva mwenye haraka huigusa gari likingali linakwenda, kisha hutembea kwa miguu hadi karakana.

Mwenye gari wa kwanza ajulikanaye Muhokya alikuwa mchomaji chokaa. Alilinunua mwaka 1981 likiwa limekwisha tumika, na kwa zaidi ya miaka ishirini alilipakiza mizigo miwili ambayo hatufikiri kama kuna mizigo mibaya kuliko hiyo kwa gari la namna hii. Kwenda, alipakia chokaa ya Muhokya. Kurudi, alipakia chumvi ya Katwe.

Hapa sajini alitusimamisha tusikilize, akasema kwa sauti ya mwalimu. Chumvi hula chuma, jambo hilo kila mtu analijua. Na asiyelijua na akatazame kile kiwanda cha chumvi kilichojengwa kando ya Ziwa Katwe na kampuni ya Ujerumani, ambacho mabomba yake yaliliwa na maji ya ziwa hilo hata kikasimama. Bali watu hawajui kwamba chokaa haina ugomvi na chuma. Chokaa ikilowa maji hula alumini. Kwa hiyo gari la mzee yule lilishambuliwa juu na chini na maadui wawili waliogawana kazi: chokaa ikatoboa sakafu ya karai la nyuma, na chumvi iliyopenya katika matundu hayo ikashuka kwenye chesisi. Lilipokoma kutembea, mwaka 2004, ungeweza kuusukuma mkono katika boriti ya nyuma ukakamata majani ya upande wa pili.

Likakaa. Kuku wakataga ndani yake. Mzee alifariki mwishoni mwa mwaka 2022, na mwaka uliofuata sajini, akiwa ametoka jeshini na hana la kufanya kwa mikono yake, alilinunua kwa mwanawe mkubwa kwa shilingi milioni mbili na nusu na mbuzi mmoja.

Kazi ilimchukua karibu miaka miwili. Tuliitazama kwa kituo, na tunaona haya kuipitia mbio, kwa kuwa kazi safi haionekani kila siku. Aliinua bodi yote kwa magogo na minyororo akaiacha chesisi uchi. Palipooza hakupabandika kiraka juu ya kutu, kama wafanyavyo mafundi wengi wa kando ya barabara. Alikata mpaka akafikia chuma kinacholia, ndipo akaunga. Boriti ya nyuma ni mpya yote. Mabawa manne ya kushikia bodi ni mapya. Kila mahali alumini inapokutana na chuma ameweka kipande cha mpira, kwa sababu metali hizo mbili zikigusana penye unyevu hulana. Sakafu ya nyuma hakuirudishia alumini. Ameweka mbao za muvule zilizopakwa mafuta machafu ya injini, akazifunga kwa vyuma vyembamba, na pembeni kuna viti virefu viwili vinavyokunjika, na juu matao ya bomba ya kushikilia turubai. Mtu aliyepata kusafirishwa na kikosi atavitambua viti hivyo mara moja. Tena atakiri kwamba hivi vina nafasi ya magoti, jambo ambalo wabunifu wa vile vya zamani hawakulifikiria.

Rangi ni kijivu cha mbingu ya mawingu. Tulimwuliza kwa nini hakupaka kijani cha jeshi, maana wanunuzi wengi wa magari ya kale hukitamani. Alitutazama kama tulioropoka. "Mimi nimeivua sare kwa heshima," akasema, "nitamvisha raia gari?" Tunaafikiana naye kabisa. Tumewaona vijana wa mjini wakipaka magari yao madoadoa ya kijeshi na kuyatia ving'ora na taa za buluu kana kwamba ni mapambo ya arusi. Katika wilaya hii ambayo waasi wa ADF waliingia kwa Mpondwe mwezi wa Novemba mwaka 1996, na ambako askari wa kizuizi hulazimika kuamua kwa nukta chache nani ni nani, mchezo huo si mchezo.

Badiliko kubwa limo chini ya boneti. Injini ya petroli ya asili, yenye ujazo wa sentimita 2286, ilikuwa imekufa, na hata ingekuwa hai ingemfilisi mtu, kwa kuwa katika milima lita moja haikufikishi hata kilomita saba. Sajini ametia injini ya dizeli ya Toyota, aina ya 2L, iliyotoka katika gari lililogongwa. Alichonga mwenyewe sahani ya kuiunganisha na giyaboksi ya Land Rover. Wako wapenzi wa magari ya kale watakaolia wakisikia hayo, wakidai kuwa gari limepoteza utu wake. Sisi tulipanda nalo vilima vya nyuma ya mji likiwa na watu saba na mifuko mitatu ya saruji, likapanda kwa giya ya pili bila kutoa moshi mweusi; na tungependa hao wanaolia waje walie mahali pale pale pa mlimani, wakiwa na gari lao la asili.

Koplo hakuwa mjinga. Alikuja na nyundo ndogo mfukoni. Alijilaza chini akaipiga chesisi tangu mbele hata nyuma, akisikiliza. Chuma kizima hulia kama kengele, kilichooza hujibu kama gogo. Alipofika katikati, upande wa kushoto, sajini alimwinamia.

"Hapo, Koplo, piga tena."

"Panalia vizuri, afande."

"Panalia kwa sababu nimepaunga kwa ndani. Lakini kabla sijaunga palikuwa pamevunjika kabisa. Usije ukasema hukuambiwa."

Akamwonyesha na mengine. Giya ya tatu hujitoa yenyewe gari likishuka mteremko. Usukani una uhuru wa vidole viwili. Mihimili ya magurudumu ya nyuma ni ile ile ya zamani, na dereva mkali anaweza kuuvunja mmoja siku yoyote. Kila alipotaja kasoro, bei yake ya milioni ishirini na mbili ilipungua bila mnunuzi kufungua kinywa, hata mwanawe sajini, kijana wa shule aliyekuwa akitushikia taa, akaanza kukohoa kohoa. Tulifahamu baadaye kwamba karo yake ya muhula ilikuwa inangojea mauzo hayo.

Baada ya hapo koplo alifanya jambo ambalo tunataka kila askari mnunuzi alikumbuke. Alipangusa kwa kitambaa kishikio cha springi ya mbele, upande wa kulia, akaisoma namba ya chesisi iliyopigwa pale, tarakimu baada ya tarakimu, akailinganisha na kitabu cha gari, ambacho wengi hukiita logibuku. Ilikuwa ni ile ile. Namba hiyo ndiyo gari. Rangi, milango, injini, hata bodi nzima vinaweza kutoka kwingine. Lakini aliyekata kipande chenye namba akakiunga kwenye chesisi nyingine amezaa gari la haramu, hata kama chuma chote alikilipia. Sajini, ijapokuwa alikata na kuunga sana, pale mbele hakupagusa. Alipaacha hata na rangi yake ya zamani ili apite mtu asome.

Lakini namba ya injini haikupatana. Kitabu kilisema petroli, gari lilinguruma dizeli. Hilo peke yake lisingekuwa kikwazo, kwa kuwa badiliko la injini na la rangi huandikishwa katika ofisi inayosajili magari, na sajini alikuwa na hati ya kununulia injini ile pamoja na taarifa ya polisi ya ajali. Alikuwa ameahirisha tu, kama tuahirishavyo wote.

Kikwazo kilikuwa juu zaidi katika ukurasa ule ule. Jina la mwenye gari lilikuwa la marehemu.

Koplo alilisoma mara mbili. Akauliza kwa adabu kama ipo hati ya mahakama ya kusimamia mirathi. Haikuwapo. Kulikuwa na karatasi ya daftari, iliyoandikwa kwa mkono na kutiwa sahihi na mwana mkubwa, na mashahidi wawili, mmoja wao akiwa ndiye aliyemchinja mbuzi.

Ndugu askari, tunajua wengi wenu mmepata kununua hivi: shamba, ng'ombe, pikipiki. Mzee amekufa, mwana mkubwa yupo, fedha inahesabiwa, watu wanapeana mikono. Lakini mali ya marehemu si ya mwana mkubwa. Sheria ya Urithi ya Uganda, ilivyorekebishwa mwaka 2022, inagawa mali ya mtu aliyekufa bila wosia kwa mafungu: mwenzi aliyebaki hupata asilimia 20, watoto wote kwa pamoja asilimia 75, waliomtegemea asilimia 4, na mrithi wa kimila asilimia 1. Ambaye hakupewa idhini na mahakama hana mamlaka ya kuuza hata gurudumu, na kuingilia mali hiyo ni kosa. Sajini alikuwa amenunua kwa nia safi kitu ambacho aliyeuza hakuwa na uwezo wa kukiuza, kisha akakizika ndani yake kiinua mgongo chake.

Alikaa juu ya tairi la akiba. Hakusema neno kwa muda.

Mwanawe ndiye aliyesema. Kulikuwa na mfanyabiashara wa upande wa mpakani, aliyekwisha pita mara mbili, ambaye alitoa milioni kumi na saba kwa fedha taslimu wala hakuuliza kitabu. Ng'ambo ya Mpondwe, kijana alisema, nani atamtafuta marehemu? Tunakiri kwamba kila mmoja wetu alilipima neno hilo. Milioni kumi na saba zilikuwa pale karibu, na karo ilikuwa inadaiwa.

"Nililinda barabara hii," sajini akamjibu, bila ukali. "Gari likikamatwa Kasindi, namba iliyo pale mbele itarudi kuuliza jina langu."

Siku iliyofuata alituchukua, sisi na koplo, kwenda kwa mjane. Anakaa na binti yake, si mbali na kambi walikohifadhiwa watu waliofukuzwa na mafuriko ya Mei mwaka 2020 kutoka upande wa Kilembe. Tulikwenda kwa gari lenyewe. Bibi aliisikia hodi lakini hakuitikia kwanza. Alipita katikati yetu akaenda kuligusa gari. Alilizunguka lote. Akauliza liko wapi shimo la sakafu ambalo mumewe alikuwa akiliziba kwa gunia. Sajini akamwonyesha mbao. Akaziparuza kwa ukucha, akasema mumewe angezichoma tanurini.

Kisha akauliza liliuzwa kwa kiasi gani. Alipojibiwa, alinyamaza, na binti yake akatoka nje. Bibi hakuwahi kuona hata shilingi moja ya milioni zile mbili na nusu. Alikuwa ameambiwa kwamba gari lilivutwa bure kama takataka. Kuhusu mwana mkubwa hatutaandika zaidi, kwa kuwa ni jambo la nyumba yao.

Tulitazamia ugomvi, na ungekuwa wa haki. Sajini alivua kofia akasema: "Mama, gari ni lenu. Kazi ni yangu. Nitaandika kila nilichotumia, mniambie." Akatoa daftari. Kila msumari umo, kila lita ya rangi, siku za kazi za kijana wa kuunga vyuma. Siku zake mwenyewe hakuziandika. Jumla ni milioni kumi na moja na laki nne. Mazungumzo yalikuwa marefu, kwa Lukonzo zaidi kuliko Kiswahili, na yalikatizwa mara mbili kwa chai. Mwishowe walikubaliana kwamba Bibi, akifuatana na watoto wake wote, ataomba mahakamani Kasese hati ya kusimamia mirathi. Gari litauzwa kwa jina la msimamizi, mbele ya wote. Sajini atatoa kwanza gharama zilizomo daftarini. Kinachobaki ni cha warithi, ila kwa hiari yao wamwekee fungu la mikono yake. Binti ndiye aliyeongeza hilo la mwisho. Alikuwa amerudi ndani bila sisi kumwona.

Koplo alitoa bei yake pale pale: milioni kumi na nane, kwa masharti kwamba kitabu kibadilishwe kwanza, injini iandikishwe, na chama kiruhusu mkopo. Hakuacha hata arubuni. Sajini hakuomba. Tangu mwaka 2018 sheria inakataza kuingizwa nchini magari yenye umri wa zaidi ya miaka 15, kwa hiyo Land Rover za namna hii haziongezeki, na wote wawili walijua kwamba atapatikana mwingine wa kulipa zaidi. Walipeana mikono hata hivyo.

Karo ya muhula ilipatikana kwa kuuza ng'ombe.

Tulipopita Muhokya mara ya mwisho, maombi yalikuwa yamekwisha pelekwa mahakamani na jina la Bibi lilikuwa limeandikwa kwanza. Ubao umetolewa kiooni. Sajini ameutumia kuziba upenyo wa mlango wa karakana yake. Mfanyabiashara wa mpakani amepita mara ya tatu. Kila Jumamosi asubuhi sajini huiwasha injini kwa dakika kumi, huikandamiza breki mara chache ili isishikane, kisha hulivuta turubai juu ya gari lote, kwa sababu upepo utokao matanurini bado unaleta chokaa.